Pima Utupu Kwanza: Boksi la Sabufa la Faibaglasi Katika Buti la Gari

Ngoma ya mpasuko, ile ambayo watu wa kando ya Lualaba walipelekeana habari kwayo kutoka kijiji hadi kijiji, haina ngozi. Ni gogo moja. Mchongaji hulifungua mpasuko mwembamba kwa juu, kisha hulikomba ndani kwa siku nyingi, ubavu mmoja akiuacha mnene na wa pili akiupunguza, hadi gogo hilohilo litoe sauti mbili, ya juu na ya chini. Mpita njia huona kipande cha mti. Mwenye tezo anajua kwamba anachokitengeneza ni ule uwazi wa ndani.

Vijana wa Nyangwe na Kasongo wanaotaka sabufa ndani ya gari huniuliza mambo ya nje. Rangi gani, fundi? Kitambaa gani? Taa za buluu zikae wapi? Sijampata bado aliyeanza kwa kuuliza: hewa kiasi gani? Ndiyo maana maboksi mengi yanayopita barabarani yanang'aa kama harusi na kulia kama debe tupu.

Koni ya spika inaposukuma hewa mbele, wakati huohuo inaivuta nyuma. Hewa hizo mbili zikikutana, sauti nzito hufutana, na ndiyo sababu spika iliyoshikwa mkononi haina besi hata ingekuwa ya bei gani. Boksi hutenganisha mbele na nyuma. Likizibwa kabisa, hewa iliyofungiwa ndani huwa springi: inairudisha koni mahali pake kila inapokwenda. Mmarekani Edgar Villchur alijenga spika nzima juu ya wazo hilo mwaka 1954, na hadi leo hatujapata springi rahisi kuliko hewa. Springi ikiwa ngumu mno, besi inakabwa. Ikiwa legelege mno, koni inapigapiga mpaka inachanika. Kwa hiyo lita za ndani ya boksi ni sehemu ya spika yenyewe, kama sumaku na waya wake.

Kwa nini faibaglasi

Gari linalofika kwetu ni gari la kazi. Nyuma ya jipu au ya RAV4 iliyochoka kuna magunia ya mpunga, bidoni za mawese, na mara nyingi mama mmoja na kuku zake. Boksi la mbao la mraba linakula sakafu hiyo, na mwenye gari akila sakafu anakula nauli yake. Lakini karibu kila gari lina vishimo visivyobeba kitu: pembeni mwa buti, nyuma ya tao la gurudumu, mahali ambapo gunia halikai. Mbao haiwezi kupindwa ikaingia humo. Faibaglasi inaingia, kwa sababu huanza kama kitambaa na uji, kisha huganda kwa umbo la mahali ulipoilaza.

Sababu ya pili ni unyevu. Mbao za unga wa kushindiliwa huvimba baada ya msimu mmoja wa mvua, kingo zikafumuka na hewa ikaanza kupenya. Faibaglasi haivimbi, na mchwa hawaigusi. Vifaa vyake ulizie kwa mafundi wanaoziba boti na matangi, au wanaonyoosha bodi za magari, katika miji ya ziwani kama Kalemie, Uvira na Bujumbura. Unahitaji rezini ya poliesta, hadina yake, na mkeka wa nyuzi za kioo.

Neno la ukweli, ndugu msomaji: kama buti lako ni kubwa na hubebi mzigo, tengeneza boksi la mbao nzuri kavu. Ni nafuu, na sauti haitakuwa pungufu. Faibaglasi ni kwa mwenye shida ya nafasi.

Kupima kabla ya kununua

Chukua karatasi inayokuja na spika. Tafuta namba mbili: Vas, inayoandikwa kwa lita, na Qts, ambayo kwa kawaida ni chini ya moja. Gawanya 0.707 kwa Qts. Jibu lizidishe kwa lenyewe. Toa 1. Kisha gawanya Vas kwa kilichobaki. Hizo ndizo lita za boksi lililozibwa lenye sauti iliyotulia.

Mfano. Spika yenye Qts 0.5 na Vas ya lita 30: 0.707 kwa 0.5 ni 1.414, mara yenyewe ni 2, ukitoa 1 inabaki 1, 30 kwa 1 ni lita 30. Spika nyingine ina Vas ileile, ila Qts yake ni 0.4. Ukifuata njia hiyohiyo utapata lita 14 tu. Kwa macho spika hizo ni mapacha, inchi 10 kila moja, lakini boksi la moja ni zaidi ya mara mbili ya boksi la mwenzake. Anayenakili boksi la jirani bila kujua spika iliyomo ananunua kiatu cha mguu wa mtu mwingine. Mwishoni ongeza lita mbili hivi kwa ajili ya sumaku na mgongo wa spika, maana navyo vinakalia nafasi.

Sasa nenda kwenye gari. Kwetu mpunga haukosekani. Jaza lita moja moja katika mifuko ya plastiki, ukipimia chupa ya lita, na ufunge kila mfuko. Ipange mifuko katika ile pembe ya buti, ikijaa vizuri kwenye kila kona, mpaka ufike pale unapotaka uso wa boksi uwe. Hesabu mifuko. Ikiwa ni 32 na ulihitaji 32, chora mstari wa kalamu. Ikiwa ni 20, basi tafuta spika inayokubali lita 20, au sogeza uso mbele kidogo. Pima pia kina: mgongo wa spika usiguse ukuta wa nyuma, uache angalau sentimita 3. Yote haya hayajakugharimu hata faranga. Mpunga uliopimia unarudi jikoni. Rezini iliyoganda hairudi kwenye kopo.

Wengine wataniuliza kuhusu boksi lenye tundu, lile la bomba la kutoa hewa. Linavuma zaidi, ni kweli. Lakini linataka lita kamili na urefu kamili wa bomba, na umbo la faibaglasi lililopindapinda halipimiki kwa rula. Tena bomba lililo wazi kwetu ni nyumba: nyigu watajenga, mende watahamia, vumbi la barabara litakaa juu ya koni. Ziba. Chumba kidogo cha gari chenyewe huinua sauti za chini kabisa, kwa hiyo boksi lililozibwa halisikiki kavu kama lingesikika sebuleni.

Kulaza tabaka za kwanza

Subiri kiangazi, au kipwa kama tunavyosema huku, Juni hadi Agosti. Mkeka ulionyonya unyevu na rezini iliyonyeshewa havishikani. Fanya kazi asubuhi, nje, chini ya kivuli, milango yote ya gari ikiwa wazi.

Toa zulia la buti na uchungulie chini ya gari. Jua tangi la mafuta liko wapi na mabomba yake yanapita wapi, kwa sababu baadaye utatoboa matundu ya bolti. Funika viti na dari kwa plastiki. Pale pembeni bandika utepe wa karatasi wa mafundi rangi, tabaka mbili zilizopishana, juu yake karatasi ya alumini, kisha paka nta ya kung'arishia gari. Rezini itakayogusa rangi ya gari haitoki tena. Angalia pia umbo: bugali hutoka bila taabu katika bakuli lenye mdomo mpana, lakini hautoki katika mtungi. Kama kishimo chako ni kipana ndani na chembamba mdomoni, usikijaze chote. Ganda litaganda humo na utalikata vipande kulitoa.

Chana mkeka vipande vya ukubwa wa kiganja, usiukate kwa mkasi, kwa sababu kingo zilizochanika hulala vizuri na kushikana. Paka rezini, laza kipande, kisha gongagonga kwa brashi mpaka weupe wa nyuzi upotee na mapovu yatoke. Usivute brashi kama mtu apakaye rangi, utazoa nyuzi. Laza tabaka mbili ndani ya gari, ziache zigande hadi kesho yake, kisha toa ganda na umalizie nje.

Mkeka wa gramu 450 kwa mita ya mraba hutoa unene wa karibu milimita 1 kwa tabaka. Boksi la sabufa linataka milimita 6 hadi 8, kwa hiyo hesabu tabaka 6 hadi 8. Boksi la lita 30 lina uso wa karibu mita ya mraba 0.6. Tabaka 6 ni kilo 1.6 za mkeka, na mkeka wa aina hii hunywa rezini mara mbili na nusu ya uzito wake, yaani kilo 4. Nunua 5, sehemu itamwagika. Hapa ndipo wengi wanapojiibia wenyewe: wanaishia tabaka tatu kwa kuwa ganda tayari linasimama. Kusimama si kukaa kimya. Ukuta mwembamba hutikisika pamoja na koni, na nguvu uliyoilipia kwenye amplifaya inaishia kutikisa plastiki.

Hadina, joto na kobalti

Rezini haikauki kama rangi. Inaiva, kama chakula, na moto wake unatoka ndani yake yenyewe. Hadina ndiyo inayowasha moto huo, kwa asilimia 1 hadi 2 ya uzito wa rezini. Kwa joto letu la nyuzi 30, kaa karibu na 1. Gramu 500 za rezini zinataka gramu 5 za hadina, karibu mililita 4 na nusu. Pimia kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Usishuke chini ya kiwango kilichoandikwa kwenye kopo ukidhani unajipa muda, kwa sababu rezini iliyonyimwa hadina hubaki inanata milele.

Mimi nilijifunza upande wa pili wa hesabu hiyo. Siku moja saa sita mchana nilichanganya kilo mbili kwa mara moja ili nimalize mapema, na hadina nikaimimina kwa jicho. Kabla sijalaza kipande cha tatu, kopo lilianza kutoa moshi, likapasuka ubavuni, na ndani nikakuta jiwe la rangi ya asali. Tangu hapo nachanganya nusu kilo, si zaidi, na naimwaga katika sinia pana, kwa sababu rezini iliyorundikana kwenye kopo hujipasha moto yenyewe.

Kinachosaidia hadina kufanya kazi katika joto la kawaida ni chumvi ya kobalti, ambayo viwandani huwa imeshachanganywa ndani ya rezini. Zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia hutoka Kongo, na Lualaba hupita karibu na machimbo ya Kolwezi kabla ya kushuka kwetu. Huenda kopo ulilobeba kwa pikipiki siku tatu lina kitu kilichotoka kandokando ya mto unaoufulia nguo. Lakini kama rezini yako imeuzwa bila kobalti, na kobalti ikaja katika chupa yake, shika sheria hii: koroga kobalti kwanza ndani ya rezini yote, ndipo uweke hadina. Usizikutanishe hizo mbili peke yake hata tone, zinalipuka.

Hadina ikiingia jichoni inaweza kupofusha. Vaa miwani, na weka maji safi karibu kabla hujafungua chupa. Mvuke wa rezini unalevya na unawaka, kwa hiyo hakuna sigara, hakuna mbabula wa makaa karibu, na watoto wakae mbali. Kitambaa cha kufunga pua hakizuii mvuke. Barakoa yenye vichujio vya kaboni ndiyo inayozuia. Unapopiga msasa, lowesha maji ili vumbi la kioo lisipande mapafuni, na vaa mikono mirefu, la sivyo usiku hutalala kwa kuwashwa.

Uso wa boksi

Kata pete ya mbao ya plaiwudi ya milimita 18 yenye tundu la spika. Isimamishe mahali pake kwa vijiti imara vilivyogundishwa kwenye ganda la nyuma, na uangalie inaelekea wapi. Kisha vuta kitambaa kinachonyumbuka juu ya pete na kingo za ganda; tisheti ya mtumba isiyo na mshono inafaa kabisa. Kivute mpaka kikaze kama ngozi ya ngoma, kikunjie nyuma, kipige pini, ndipo ukilowanishe rezini.

Kitambaa kilichogandishwa kina umbo tu, nguvu bado. Nguvu inakuja kwa mkeka, tabaka nne au tano kwa nje na mbili kwa ndani, ukipitisha mkono katika tundu la spika. Pale uso unapokutana na ganda la nyuma, weka ndani ukanda mzito wa rezini iliyochanganywa na nyuzi zilizokatwakatwa. Mshono huo ndio unaovujisha hewa katika maboksi tisa kati ya kumi ninayoletewa. Kabla hujaufunga, pima tena: laza boksi, mimina mpunga, hesabu lita. Ukikuta zimepungua kidogo, jaza ndani pamba au sufi iliyochambuliwa bila kushindilia. Hewa iliyopita ndani ya nyuzi hujifanya kama ni nyingi zaidi. Ikipungua robo nzima, pamba haitakuokoa.

Lijaribu kwa kifundo cha kidole. Gonga pande zote. Ukuta mzuri hujibu kwa mkato, kama mlango wa mvule. Ukisikia mlio unaoendelea, ongeza tabaka hapo. Kisha funga spika na usukume koni taratibu kwa vidole vilivyotandazwa. Ikirudi polepole, boksi limeziba. Ikiruka mara moja, pakaza maji ya sabuni kwenye mishono na utafute povu.

Kulifunga na kulipa moto

Boksi hili likiwa na spika litakuwa na kilo 12 au zaidi. Kwenye barabara ya Kabambare, kitu cha uzito huo kisichofungwa ni jiwe linalosubiri shimo. Funga kwa bolti zenye nati za kujikaza na vipande vya mpira katikati, kwenye chuma cha gari, mbali na tangi.

Waya wa umeme ukitoka kwenye betri upite kwanza kwenye fyuzi, si zaidi ya nusu mita kutoka betri. Fyuzi hiyo inalinda gari lisiungue waya ukichubuka. Amplifaya ya wati 500 za kweli huvuta karibu ampea 45; fyuzi iwe ya 50 na waya wa shaba wa milimita za mraba 16. Sokoni utauziwa waya mnene wa bei nzuri: kwaruza kwa kisu. Ukiona weupe chini ya wekundu, ni alumini iliyopakwa shaba, na alumini hupitisha umeme kwa karibu asilimia 60 ya shaba. Ama ununue mnene zaidi, ama uuache.

Kile kitufe cha amplifaya kinachoandikwa "gain" si sauti. Anza chini, redio ikiwa robo tatu, panda taratibu, na ukisikia mkwaruzo rudi nyuma. Kichujio kiwe karibu na herzi 80. Wala usipige muziki saa nyingi injini ikiwa imezimwa. Huku hakuna gari la pili la kukuwashia.

Kabla ya kubandika kitambaa cha mapambo, pakia buti kama unavyopakia siku zote: magunia, bidoni, kila kitu. Nenda Kasongo urudi. Ukifika, toa mzigo, kaza bolti, gonga kuta tena kwa kifundo cha kidole. Gunia likiwa lilikaa palepale lilipokuwa likikaa zamani, na abiria wa nyuma hakujua sauti inatoka wapi, boksi limeisha. Sasa nenda ukachague rangi.